Mwalimu wa Kwaya na Mafundi Viatu Wake

Kulikuwa na neno moja ambalo Mwalimu wa Kwaya hakutaka litamkwe mbele yake, na wala si tusi. Neno lenyewe ni "chama". Ukilitaja, hata kama unaulizia chama cha mpira, alikuwa anageuza shingo kwanza kuangalia mlango. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu chama ni jambo la kila siku, kuna cha ushirika, cha akina mama, cha wakata mkonge, kwa hiyo mwanzoni niliona anajifanya. Yeye alitoka mashariki ya Kongo, akapitia kambini Kigoma kabla ya kuletwa Sydney, na huko alikotoka mtu akikusimamisha njiani akakuuliza uko chama gani, hakukuwa na jibu la kukuokoa.

Hayo niliyajua baada ya kuaibika. Tulikuwa tunafanya kazi kiwanda kimoja cha Smithfield, magharibi ya Sydney, kiwanda cha kukata na kufungasha saladi, ndani ya baridi inayouma mifupa. Wengi wetu tulikuwa Wakongo na Warundi, na wote tuliletwa na ejensi, yaani shifti leo ipo, kesho haipo. Siku moja, kabla hata hatujasikia habari za korona, dada mmoja Mzungu alisimama getini na vipeperushi, akaomba mtu wa kumtafsiria. Nikajitosa, maana nilijiona ndiye mwenye Kiswahili. Nikapaza sauti: "Huyu dada anawakaribisha mjiunge na chama."

Warundi waliokuwa mbele walirudi nyuma kana kwamba wamemwagiwa maji ya moto. Wakongo ghafla wakakumbuka kwamba basi linawaacha. Aliyebaki ni Mkenya wetu, kijana mmoja mchangamfu wa upande wa upakiaji, naye akauliza bila utani: "Poa. Sasa kila mtu anatoa ngapi kwa mwezi, na nani anapewa wa kwanza?" Kwao chama ni ule mchango wa kupeana kwa zamu. Yule dada wa watu alibaki ameshika vipeperushi vyake, ananiuliza nimewaambia nini.

Mwalimu wa Kwaya alinisubiri kituo cha basi. "Mama Neema, umeharibu," aliniambia. "Alors, si ungesema ni kwaya?"

"Kwaya gani tena, Mwalimu?"

"Kwaya iko na mwenyekiti, iko na katibu, iko na mweka hazina. Watu wanatoa mchango. Mtu akifiwa, tunaenda wote. Mtu akikosea, anaitwa. Nani hapa anaogopa kwaya?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu hakuwa mtu wa kucheka njiani.

Tuseme ukweli, hakuwa mtu rahisi. Kanisani aliwahi kumzuia binti mmoja kuimba kwa mwezi mzima kwa kosa la kutafuna bazoka. Aliwakemea watoto kwa Kiswahili, wao wakamjibu "yeah, okay" huku wanaangalia simu, naye akawaacha wamalize kisha akawaambia waimbe ubeti mzima tangu mwanzo, na tena, na tena, mpaka mama zao walipoanza kupiga honi za magari nje. Alihubiri umoja asubuhi, na jioni akanuniana na mtu kwa sababu amekaa kwenye kiti chake. Ukimpinga mbele ya watu, imekula kwako.

Halafu viatu. Sisi wengine tulipanda treni tumeshavaa magamubuti kabisa, tunanuka vitunguu. Yeye alitoka kwake Penrith alfajiri na viatu vyeusi vya ngozi vinavyong'aa, akavivua kiwandani, akavifunga kwenye kitambaa, akavaa gamubuti kama sisi. Jioni anavivaa tena. Nilimwuliza siku moja anamringia nani. Akasema fundi aliyevishona hakuvishona ili vifanane na tope.

Alikuwa na msemo mmoja ambao mpaka leo nausikia masikioni: "Umeanza juu." Ulitoka kwenye uimbaji. Sauti ya pili wakishika noti ya juu kuliko walivyopewa, hawataweza kufika kwenye kiitikio, watakwama katikati na kukohoa. Lakini yeye aliutumia kwa kila mtu aliyedanganya. Unachelewa mazoezi, unaanza hadithi ya treni kuharibika, anakuangalia tu. "Umeanza juu, dada. Kaa." Wala hakukosea. Nilijaribu kumdanganya mara nyingi kwa mambo madogo madogo, sikumpata hata siku moja.

Sasa niwaambie habari za mafundi viatu, maana ukimtaja Mwalimu wa Kwaya bila mafundi viatu hujamtaja.

Kule kambini alikuwa anafundisha historia, na kitabu alichokuwa nacho kilikuwa kimoja, cha shule za Marekani, kilicholetwa na msaada. Watoto wa Kikongo na Kirundi, juu ya vumbi la Kigoma, wakafundishwa historia ya Marekani kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Humo ndani kulikuwa na sura juu ya wafanyakazi wa zamani sana. Kulikuwa na wasichana wa viwanda vya pamba walioacha mashine zikizunguka zenyewe, wakatoka barabarani wakipita mji mzima wanaimba. Hao aliwapenda sana, na kila aliposimulia aliuliza waliimba sauti ngapi. Kulikuwa na washona nguo waliounda umoja wa siri ambao jina lake lilikatazwa kutamkwa. Wakitaka kuuandika, waliandika nyota tano. "Umeona?" aliniambia. "Hata Wamarekani waliogopa hilo neno."

Lakini hadithi yake hasa ilikuwa ya mafundi viatu wa Philadelphia. Hawa waliungana wakasema hatushoni kiatu kwa ujira ule, na hatukai benchi moja na anayekubali kushona. Matajiri wao wakawapeleka mahakamani. Kosa lao nini? Kwamba waliomba pamoja. Mmoja akienda peke yake kuomba aongezwe, hiyo si jinai. Wakienda pamoja, ni njama. Mwalimu wa Kwaya alikuwa anasimulia hivi wakati wa mapumziko, kikombe cha chai mkononi, sauti inapanda polepole, na sisi tumeacha kutafuna. Mashahidi wamesikilizwa. Jaji amesema neno lake. Wale wenyeji kumi na wawili wa baraza la mahakama wanainuka, wanaingia chumbani kuamua. Mlango unafungwa.

Hapo ananyamaza.

"Kisha?" Mkenya aliruka. "Mwalimu, hiyo story imeishaje?"

"Sijui. Ukurasa uliofuata, mtu alifungia karanga."

Ni kweli, kitabu kilichanwa kambini. Kila mwaka darasa lake lilibishana mafundi viatu walishinda au walishindwa, na sisi vilevile tulibishana, kwenye mkanda wa kupitishia saladi, kwenye basi. Mkenya alisema walishinda, maana la sivyo Wazungu wasingekuwa na wikendi. Mama mmoja wa Kirundi, aliyekuwa anakaa mwanzo wa mkanda na kuchambua majani yaliyooza, alisema walinyongwa. Alisema bila huzuni yoyote, akaendelea kuchambua.

Nilimwambia Mwalimu jibu lipo kwenye simu, nikaitoa mfukoni. Akanizuia mkono. "Ukiniambia, nakutoa kwenye kwaya. Nikijua walishinda, nitalala. Nikijua walishindwa, nitalala vilevile. Wacha mlango ukae umefungwa."

Korona ilipoingia vitongoji vyetu vya magharibi, mji ulifungwa, lakini saladi haikufungwa. Watu wa mjini walikaa ndani wakila majani tuliyowafungia. Sisi tulipita barabara tupu na barua za ruhusa, helikopta juu ya vichwa, tukapimwa pua mpaka ikatoa damu. Kiwandani tulisimama bega kwa bega. Ukikohoa ulikohoa ndani ya shati. Ukisema unaumwa, ejensi inakwambia pole, jitenge, pumzika. Ukishapumzika, simu yako haipati shifti tena. Hakuna aliyefukuzwa, lakini aliyekaa nyumbani hakurudi.

Yule Mama wa Kirundi alikohoa kwa siku kadhaa mwanzo wa mkanda. Sote tulimsikia. Aliniambia ni baridi tu, yeye kifua chake ni kibovu tangu zamani. Siku moja kiti chake kilikuwa kitupu, na wiki haikuisha akafa.

Mazishi yaliruhusiwa watu wachache mno. Sisi tulisimama nje ya uzio wa makaburi pale Lidcombe, mbalimbali, na wengine waliimba kutoka nyumbani kwa simu. Mwalimu wa Kwaya alishika simu yake juu akatoa noti. Kila sauti ikafika kwa wakati wake: mmoja yuko kwenye amina, mwingine ndiyo kwanza anaanza, mtoto wa mtu analia Penrith. Alijaribu kuongoza kwa mkono kama kawaida, mkono ukawa unakata hewa tu. Mwisho akasema, "Nyamazeni wote," akaimba peke yake, nyimbo zote, mpaka udongo ukaisha. Nililia siku ile kuliko nilivyomlilia ndugu yangu.

Baada ya hapo ndipo kwaya yetu ilipoanza. Si ya kanisani, ile nyingine. Hatukujiandikisha popote mwanzoni, tulikuwa na neno moja tu la kuomba: mtu akiumwa akae nyumbani, na akirudi akute nafasi yake. Yule dada wa vipeperushi alishatuambia tukiwa wengi atasimama nasi. Mwalimu aliita mipango "mazoezi". Aliyekubali aliambiwa "umepata sauti". Msaidizi wake wa kanisani, mwanaume wa makamo tuliyekuwa naye hapohapo kiwandani, mwenye sauti ya tatu nzuri kuliko wote, ndiye aliyeshika namba za simu za watu wote. Huyo Mwalimu alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja, na mara nyingi walirudi Penrith kwenye gari moja.

Tulikubaliana hivi: Jumatatu asubuhi, kabla mkanda haujawashwa, Mwalimu atatoa noti, do ya chini, kama anavyofanya kanisani. Hapo hakuna atakayevaa glavu mpaka meneja ashuke atusikilize. Bila glavu, huwezi kugusa saladi, na hakuna anayeweza kukulazimisha. Niliona ni akili kubwa. Jumapili sikupata usingizi kwa furaha, nikampigia Mkenya tukacheka kama watoto.

Jumatatu supavaiza alikuwa ameshafika kabla yetu. Alisimama karibu na swichi, mikono mifukoni. Mwalimu wa Kwaya akatoa noti. Ilitoka safi, ikazunguka kwenye zile kuta za bati na kurudi. Nikangoja. Nikasikia glavu moja inavutwa, ile sauti ya mpira ukigonga kifundo cha mkono. Kisha nyingine. Kisha zote. Watu waliinamisha vichwa, kila mtu anatazama vidole vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Tulibaki watatu na mikono mitupu: yeye, mimi na Mkenya.

"No choir today, mate," supavaiza alimwambia Mwalimu, akabonyeza swichi.

Kwaya. Alilitaja neno lenyewe. Mkanda ulikuwa unapiga kelele lakini lile neno nililisikia vizuri sana.

Baadaye tulijua kwamba Jumapili ile watu walipigiwa simu mmoja mmoja, wakaulizwa kama wanataka shifti za wiki inayofuata. Mimi na Mkenya hatukupigiwa, tulishahesabiwa waliopotea. Na kabla msimu haujageuka, Msaidizi akapata ajira ya kudumu, yenye likizo na yenye siku za kuumwa. Mkenya alimvaa kwenye maegesho akamwuliza uso kwa uso. Msaidizi hakukana. "Niko na watoto wanne," alisema. "Wewe uko na nani?"

Sikuona kitu kilichoniudhi kama alichofanya Mwalimu. Msaidizi alimwita Jumapili moja baada ya ibada ya kwenye simu, mimi bado nipo hewani, akaanza: "Mwalimu, kwa kweli sijui ni nani alisema..." Mwalimu akamkatiza. "Umeanza juu, kaka." Kisha akampa wimbo wa wiki ile auongoze. Basi. Nilimpigia nikamwambia huo si upole, huo ni uzembe, na kwamba kwa binti wa bazoka alikuwa simba. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Akasema, "Mama Neema, yule nikimtoa, sauti ya tatu itashikwa na nani?"

Shifti zake zilikatika, zangu pia. Hakuna aliyetuandikia kitu. Ujumbe wa jioni wa ejensi, ule wa kutupa shifti, haukuja, na kesho yake haukuja. Mkenya alihamia Perth. Mimi nikapata kazi ya kuwahudumia wazee. Yeye, mkewe aliniambia, aliendelea kuamka alfajiri, akapaka viatu dawa, akavivaa, akakaa jikoni na simu mezani imelala kifudifudi ili asionekane anaisubiri.

Ugonjwa ulimkuta hapohapo jikoni, uliletwa na binti yake kutoka kazini. Siku alizokuwa amejitenga, wanajeshi walikuja kuhakikisha yumo ndani. Serikali ilikuwa inawatuma nyumba kwa nyumba, vijana wadogo tu wenye barakoa. Waligonga. Mwalimu wa Kwaya alifungua mlango akatoka na mikono kichwani, akapiga magoti barazani kwake mbele ya majirani. Mkewe alisema yule kijana wa jeshi akawa anasema sorry, sir, sorry, sir, asijue amwinueje mtu ambaye haruhusiwi kumgusa. Mwalimu aliinuka mwenyewe walipoondoka. Usiku wake alichukuliwa na gari la wagonjwa, akakaa hospitali muda mrefu na bomba kooni.

Alitoka mzima, lakini sauti haikutoka naye. Ilibaki kama mnong'ono wa mtu anayeongea katikati ya mahubiri. Makanisa yalipofunguliwa, kwaya ilikuwa na mwalimu mwingine, na mnajua ni nani. Yeye alikaa viti vya nyuma, viatu vinang'aa, na nyimbo zilipoanza mkono wake wa kulia ulikuwa unacheza kidogo juu ya goti. Nilishindwa kumwangalia. Niliacha kwenda.

Katika siku zile za kukosa shifti, nilikaa nikatafuta mwisho wa mafundi viatu. Nilitaka walau mimi nijue. Nikausoma polepole kwa Kiingereza changu, nikauhifadhi kwenye simu, na sikumwambia mtu.

Nilimwona mara ya mwisho kituo cha treni cha Lidcombe. Mimi nilikuwa natoka kazini, yeye anatoka kliniki, anasubiri treni ya kwao. Wachache tu ndio waliokuwa bado wanavaa barakoa, yeye mmojawapo. Amekonda, koti limempwaya. Nilikaa naye kwenye benchi tukaulizana habari za watoto, na ilinibidi nimsogelee sana ili nimsikie.

"Mama Neema," alisema. "Ile hadithi. Uliitafuta, sivyo?"

Sikujaribu kukataa. Nilimjua.

"Niambie, basi. Sina tena darasa la kulisubirisha."

"Walishindwa, Mwalimu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa bei aliyoitegemea. "Walinyongwa? Marehemu alisema walinyongwa."

"Hapana. Walitiwa hatiani, wakatozwa faini."

"Mkubwa wao, wakamwongezea faini?"

"Hawakumwongezea mtu. Wote faini moja, sawasawa."

Akanigeukia. Macho yake juu ya ile barakoa yalibadilika, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile nikamwona alivyokuwa zamani, mkono uko juu, noti iko tayari. "Sawasawa wote?" alinong'ona. "Donc, yaani mahakama haikujua nani ni mkubwa. Donc hakuna aliyemtaja mwenzake."

Simu ilikuwa wazi mapajani mwangu. Chini ya habari ya faini palikuwa na mistari mingine, nami nilikuwa naijua kwa moyo: kwamba shahidi wa kwanza wa matajiri alikuwa fundi viatu mwenzao, aliyekaa nao kwenye mikutano yao. Nikaizima, nikaitia mkobani. Treni ya Penrith ilikuwa inaingia.

"Hakuna, Mwalimu," nilimwambia. "Hata mmoja."

Aliinuka kwa kushika bega langu. Aliniangalia kwa muda, mlango umeshafunguka na watu wanampita.

"Umeanza juu, Mama Neema," alisema, akapanda.